Donati ya Jana

Rafiki zangu wana filamu wanayonitumia kila nikiahirisha harusi. Inaitwa The Five-Year Engagement, ya mwaka 2012, imeongozwa na Nicholas Stoller. Nimetumiwa mara tatu na watu watatu tofauti, na ujumbe ni uleule: itazameni, mjifunze. Basi tumeitazama, mimi na mchumba wangu, kitandani, kompyuta ikiwa juu ya mto. Nilichojifunza sicho walichokikusudia. Nimechoka kusomewa filamu hii kama hotuba ya ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa ambaye hajaiona: Tom (Jason Segel) ni mpishi San Francisco, na Violet (Emily Blunt) ni msomi wa saikolojia anayetafuta nafasi ya utafiti. Wanachumbiana, wanapanga harusi, kisha Violet anapata nafasi Chuo Kikuu cha Michigan. Miaka miwili tu, harusi itasubiri. Tom anaacha kazi, na anapokwenda kuaga ndipo bosi wake anamwambia kwamba alikuwa anaandaliwa kuwa mpishi mkuu. Huko Ann Arbor anaishia kutengeneza sandwichi dukani. Rafiki yake Alex, ambaye alimpa mimba dada yake Violet kwenye sherehe ya uchumba wa hawa wawili na kumwoa chapuchapu, ndiye anayepanda cheo. Kisha mradi wa Violet unaongezewa muda. Harusi inasogezwa tena. Mababu na mabibi wanakufa mmoja baada ya mwingine bila kuiona, na sisi watazamaji tunacheka mazishini. Tom anafuga ndevu, anakuwa mwindaji, na baadaye anakatwa kidole cha mguu kilichoharibiwa na baridi, baada ya kulala nje amelewa.

Mchumba wangu alicheka sana mpaka Michigan. Baada ya hapo alinyamaza.

Moyo wa filamu uko kwenye donati. Violet na wenzake wanafanya jaribio: mtu anawekewa donati zilizochacha, anaambiwa akivumilia kidogo zitaletwa mpya. Anayekula zilizochacha anahesabiwa kuwa mtu asiyejitawala, ambaye maisha yake hayajatulia. Halafu siku moja Violet anamwona Tom akiifakamia donati ya zamani. Kuanzia hapo anamtazama mwanamume wake kama mmoja wa watu wa jaribio. Filamu inampa Tom nafasi ya kuudhika, lakini haimpi hoja. Hoja ipo, tena haikuwa mbali.

Jaribio lile lina mzazi wake halisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwawekea watoto kitamutamu mezani: kula kimoja sasa, au subiri upewe viwili. Dunia nzima ikaokota somo moja, kwamba anayesubiri ndiye atakayefaulu maishani. Waswahili tungesema subira yavuta heri, tukaenda zetu. Lakini mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, kwa watoto 28. Kabla ya kitamutamu, kila mtoto aliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine walirudiwa mikono mitupu: samahani, kumbe hatuna. Kisha jaribio lenyewe likafanywa. Wale walioletewa walisubiri wastani wa dakika 12, na 9 kati ya 14 walifika mwisho wa dakika 15. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3, na aliyefika mwisho alikuwa mmoja tu.

Sasa mrudie Tom. Aliambiwa miaka miwili. Miaka miwili ikapita, akaambiwa bado. Mtu aliyekwisha kuona mlango ukifunguliwa bila donati mpya, akila ya jana ana kosa gani? Amesoma chumba alichofungiwa vizuri kuliko profesa aliyeko nyuma ya kioo.

Najua mtu anayenisubiri hapa. Yuko kwenye kila kundi la WhatsApp, naye atasema: si unaona, ndiyo hasara ya mwanamke kusoma sana. Kaa chini, kaka. Wanawake wa nchi hii wamefuata uhamisho wa waume zao tangu kuwe na uhamisho. Wameacha biashara, wameacha kazi za ualimu zilizokuwa karibu na mama zao, na hakuna aliyeigiza vichekesho juu ya ndevu zao. Tom anachekesha kwa sababu ni mwanamume. Kazi ya Violet haina kosa. Kosa ni ile namba, "miaka miwili", iliyotolewa na mtu asiyeishika kalenda. Kalenda ilikuwa ya chuo. Violet aliahidi mali ya mwingine.

Nami nilifanya hivyohivyo. Mwajiri wangu aliponipeleka Mwanza nilisema "mwaka mmoja tu", na mchumba wangu akaacha kazi ya studio Dar es Salaam akanifuata. Kamati ilikuwa imeshakaa vikao viwili, kadi za mchango zilikuwa zimeshagawiwa, watu wameshaanza kulipa. Mkataba ukaongezwa mara ya kwanza. Nikafurahi, nikanunua keki, sikumwuliza. Ukaongezwa mara ya pili. Yeye siku hizi anafunga spika na kuendesha muziki kwenye kumbi. Kila Jumamosi anawapigia wenzake wimbo wa kuingia ukumbini, saa nane za usiku anarudi amebeba nyaya. Miezi ya karibuni ameanza kunywa, naye hakuwa mnywaji. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba ameanza kulegea. Nilitumia neno hilo hasa, kulegea.

Kwa hiyo mwisho wa filamu ulinikera, ule ambao watu hufuta machozi. Wamekwisha kuachana, wamekwisha kurudiana. Violet anampeleka Tom kwenye bustani ya Alamo Square, San Francisco, ambako ndugu na marafiki wameshakusanyika. Kila kitu kiko tayari kwa kuchagua: suti hizi au zile, kiongozi wa dini huyu au yule, bendi hii au ile. Tom ananyoosha kidole tu, na dakika chache baadaye wameoana. Inapendeza, sikatai. Lakini lini tatizo lao lilikuwa suti? Kwa karibu saa mbili filamu imetuonyesha kwa ukweli unaouma kwamba hawajajua nani amlipe mwenzake nini kwa miaka iliyopotea. Mle katikati kuna ugomvi wa kitandani ambamo Tom anataka abaki peke yake, ila Violet asitoke chumbani, na sijaona uchumba uliochoka ukiigizwa vizuri zaidi. Halafu swali hilo lote linafunikwa kwa shela. Rafiki zangu wakiniambia "oaneni tu, hata bustanini", wananipa dawa ya ugonjwa wa Alex.

Tulipomaliza kutazama nilifunga kompyuta. Nikamwambia mkataba unaisha Juni na safari hii siongezi. Hakunijibu upesi. Alikuwa anakunja waya wa spika, anauzungusha kiwikoni kama anavyofanya siku zote.

"Hiyo Juni umesema wewe au wamesema wao?"

Nikaenda kutafuta barua yao, nikaisoma tena yote, pamoja na ule ukurasa wa nyuma. Kesho yake tulimpigia mweka hazina wa kamati, tukamwomba awarudishie watu hela zao.