Mgeni wa Uani



Kuanzia Oktoba hata Aprili, pwani yetu huingia ndege ambao miezi mingine hawaonekani. Wengi wao ni wasafiri waikimbiao baridi ya Ulaya na Asia. Mmoja ni mbayuwayu mwenye koo jekundu, mgongo wa buluu iliyokoza na mkia uliogawanyika mithili ya uma. Uzito wake wapata gramu 20 tu, naye huvuka majangwa na bahari. Mwingine ni keremkerem wa Ulaya, mwenye koo la manjano, alaye nyuki na nyigu.

Lakini baadhi ya vijana, wamwonapo uani ndege wasiyemjua, mkono hukimbilia manati. Sivyo, wanangu. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, twafunzwa ya kuwa ndege nao ni umma mfano wetu. Kumwua kwa mchezo tu, si kwa chakula wala kwa kuondoa madhara, ni dhulma. Tena huyu ni msafiri, na msafiri ana haki yake.

Basi baada ya sala ya Alfajiri, keti kimya uani. Tazama rangi, mdomo na mkia, sikiliza sauti, kisha andika daftarini pamoja na tarehe. Mwaka ujao utajua aina ipi imerudi na ipi imekosekana. Nanyi wazazi, ketini pamoja nao, na majina myaulize kwa wazee. Aijuaye safari ya mgeni huona haya kumpiga jiwe.

Wabillahi tawfiq.