Mali bila daftari: somo la msimbo kutoka baa za tiki

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili kwa sababu nilikuwa likizoni London. Saa ya Big Ben niliiona, Mto Thames niliuona, picha nilipiga. Lakini jioni tatu nilizimalizia katika baa za tiki, na leo nataka kueleza kwa nini naona mtu anayeandika programu ana mengi ya kujifunza huko. Nina maoni makali kidogo, kwa hiyo nivumilieni.

Kwa asiyejua, baa ya tiki ni baa iliyopambwa ili ionekane kama kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Kuta ni za mianzi, taa ni hafifu, vinyago vyenye macho makubwa vimesimama kila pembe. Vikombe vimefinyangwa kwa sura za miungu na mababu. Ndani yake kuna ramu, maji ya ndimu, shira, viungo na barafu nyingi iliyopondwa. Mtu wa Mombasa akiingia atayatambua makuti mara moja, ila nje kuna manyunyu ya baridi na basi jekundu la ghorofa linapita.

Sasa sikilizeni hili: hakuna kisiwa kilichozaa baa hizi. Zilizaliwa California. Marufuku ya pombe ya Marekani iliondolewa Desemba 1933, na punde tu Ernest Gantt, aliyejulikana kama Don the Beachcomber, akawa na baa yake ndogo Hollywood. Mwaka 1934 Victor Bergeron, ambaye baadaye aliitwa Trader Vic, akafungua yake Oakland. Ramu nayo haitoki Pasifiki. Ni ya Karibea, zao la mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Watu wa Polinesia wana kinywaji chao cha jadi, kava, ambacho hakina alkoholi kabisa. Kwa ufupi, picha imetoka bahari moja, pombe imetoka bahari nyingine, na faida imeingia mfuko wa mtu wa tatu.

London iliupokea mtindo huu mapema. Trader Vic's ilifunguliwa ndani ya hoteli ya Hilton, Park Lane, mwaka 1963, ikafungwa mwishoni mwa 2022, kwa hiyo hiyo sikuiwahi. Nilikwenda Trailer Happiness, baa ya chini ya ardhi iliyofunguliwa Portobello Road mwaka 2003, na nyingine mbili ndogo.

Msimbo wa Don

Hapa ndipo damu yangu ya tarakilishi ilipoanza kuchemka. Don aliogopa sana kuibiwa mapishi yake. Akaficha viungo kwa namba na majina ya siri. Chupa ziliandikwa mambo kama "Spices #4" au "Don's Mix". Mfanyakazi alijua amimine kiasi gani kutoka chupa gani, lakini hakujua kilichomo. Akihamia kwa mshindani, anaondoka na namba tupu. Msomaji, hiyo ni programu iliyofungwa, miaka mingi kabla ya kampuni za programu kuzaliwa!

Je, ulinzi huo ulisaidia? Kwa muda, ndiyo. Lakini watu waliendelea kuiga kwa kubahatisha. Kinywaji chake maarufu, Zombie, cha 1934, kilikuwa kikali kiasi kwamba mteja hakuruhusiwa zaidi ya viwili. Waigaji waliweka juisi yoyote na rangi yoyote mradi kuna ramu. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 jina lilikuwa limebaki, ladha imepotea, na baa nyingi za tiki zikafungwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Aliyeokoa jahazi ni mwandishi Mmarekani, Jeff Berry. Alitafuta kwa miaka mingi, akahoji wahudumu wazee, akapata daftari la mhudumu aliyewahi kufanya kazi kwa Don miaka ya 1930. Hata daftari lenyewe lilikuwa na majina ya siri ndani yake! Ilibidi afumue fumbo moja baada ya jingine, kama sisi tunavyofumua programu ya zamani ambayo mwandishi wake ameondoka bila kuacha maelezo. "Don's Mix" ikaonekana ni kitu rahisi tu: maji ya balungi sehemu mbili, shira ya mdalasini sehemu moja. Mwaka 2007 Berry alichapisha mapishi ya Zombie ya 1934 katika kitabu chake Sippin' Safari. Leo mhudumu wa London anaweza kukuchanganyia kinywaji kilichokuwa kimefungwa kwa zaidi ya miaka 70.

Kuna funzo jingine humo. Wengi wa waliochanganya vinywaji kwa Don walikuwa Wafilipino, na majina yao hayakuwa kwenye bango la mlangoni. Mmoja wao, Ray Buhen, alifungua baa yake mwenyewe, Tiki-Ti, huko Los Angeles mwaka 1961. Ujuzi ulikuwa mikononi mwa watu hao. Nadhani wengi wenu mnaofanya kazi za programu mnaielewa hali hiyo bila mimi kuongeza neno.

Mababu ambao hawakuulizwa

Lakini mapishi ni nusu ya habari. Jioni ya pili nililetewa kinywaji katika kikombe chenye sura ya moai, yale masanamu makubwa ya mawe ya Rapa Nui, au Kisiwa cha Pasaka. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa British Museum, nimesimama mbele ya moai wa kweli, Hoa Hakananai'a. Ana urefu wa karibu mita mbili na nusu. Mabaharia wa meli ya Uingereza HMS Topaze walimchukua mwaka 1868. Novemba 2018 ujumbe wa watu wa Rapa Nui ulikuja London kuomba arudishwe, kwa sababu kwao yule ni babu yao. Bado yuko London.

Kwa hiyo katika mji mmoja, siku moja, nilimwona babu wa watu akiwa kifungoni, na usiku nikamkuta ana mrija kichwani. Neno tiki lenyewe lina uzito huo huo. Katika masimulizi ya Wamaori, Tiki ni mtu wa kwanza kuumbwa. Hebu jiulize ungejisikiaje ukiingia baa ng'ambo ukakuta kigango cha Wamijikenda kimegeuzwa kishikio cha bia.

Wapo watakaosema ni mapambo tu, nani ameumia? Nawajibu kwa mfano wa nyumbani. Disney waliomba alama ya biashara ya "Hakuna Matata" mwaka 1994, wakapewa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Mwishoni mwa 2018 watu wengi, nasi tukiwemo, walipiga kelele. Mwaka huo huo wa 2018 kampuni moja ya Chicago iliwatumia barua wafanyabiashara, baadhi yao wakiwa Hawaii kwenyewe, ikiwataka waache kutumia maneno "Aloha Poke" kwa sababu imeyasajili. Mtu wa Hawaii anaambiwa na mtu wa Chicago asitumie aloha! Yanayoanza kama mapambo huishia kwa wanasheria.

Ninachopendekeza

Sisemi baa hizi zifungwe. Mai Tai ya Trader Vic, ya 1944, ikichanganywa sawasawa ni kazi safi: ramu, ndimu, shira ya lozi na liqueur ya machungwa, hakuna kilichozidi. Ninachosema ni kwamba dunia ya programu huria imeshatatua nusu ya tatizo hili. Leseni ya MIT ina aya chache tu. Chukua, badilisha, uza ukitaka, lakini usifute jina la mwenye kazi. Baa ifanye hivyo hivyo. Kwenye orodha ya vinywaji iandike nani alibuni, lini, na ramu imetoka kisiwa gani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nusu ya pili leseni haiwezi kuitatua. Sura ya babu wa watu si msimbo. Mwenyewe ana haki ya kusema hapana, na hapana yake haihitaji maelezo. Weka minanasi kwenye kikombe, weka samaki, weka jogoo. Ladha haitapungua hata tone.

Na sisi wa Nairobi na Mombasa tuandike. Mapishi ya mama, nyimbo za harusi, programu tunazojenga usiku: tukiyaficha yatapotea kama ya Don, na tukiyaacha bila jina atakuja mwingine kuyasajili.

Wewe waonaje? Ungekunywa kwenye kikombe kile, au ungeomba glasi ya kawaida? Mimi jioni ya tatu niliomba glasi.