Magongo: Kocha Abaki, Kikosi Kibadilike

Timu ya taifa ya magongo ya Kenya ikirudi nyumbani mikono mitupu, wimbo ni ule ule: kocha aondoke. Safari hii sisi hatuuimbi. Kinachohitaji kubadilishwa ni kikosi, na zaidi ya kikosi, namna kinavyoteuliwa na kuandaliwa.

Wanaume wetu walicheza Olimpiki kwa mara ya mwisho Seoul, mwaka 1988. Tangu hapo makocha wameingia na kutoka, na tiketi haijaonekana. Ile ya Paris 2024 iligombewa Pretoria mwaka 2023, na Afrika Kusini ikaibeba, wanaume na wanawake. Kama kubadilisha kocha kungekuwa dawa, mgonjwa huyu angekuwa amepona zamani.

Vijana huenda wasiamini, lakini kuna siku Kenya ilikuwa inaogopwa. Tokyo 1964 tulimaliza nafasi ya sita. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, tulifika nusu fainali, tukafungwa na wenyeji Uhispania bao moja kwa bila, kisha India ikatunyang'anya nafasi ya tatu kwa mabao mawili kwa moja katika muda wa ziada. Nahodha alikuwa beki Avtar Singh Sohal, mtu aliyecheza Olimpiki nne. Kikosi kile hakikutengenezwa na kocha mwenye miujiza. Kilitoka katika vilabu vya Nairobi kama Sikh Union na Goan Institute, ambako mtoto alishika gongo angali mdogo, kaka na wajomba zake wakiwa uwanjani, na kila wikendi kulikuwa na mechi ya kufa na kupona.

Wengi wa watu wale wakahamia Uingereza na Kanada. Wakati huo huo mchezo wenyewe ukabadilika: kuanzia Montreal 1976, magongo ya Olimpiki yanachezwa kwenye nyasi bandia. Sisi Montreal hatukucheza, tulikuwa kwenye mgomo wa nchi za Afrika, na Moscow 1980 pia hatukwenda. Tanzania ilikwenda Moscow, ikala mabao 18 kwa bila kutoka kwa India. Tusiwacheke, wao walau walijionea wenyewe mchezo umefika wapi.

Leo vipaji viko magharibi mwa nchi. Ukitaja magongo ya shule unataja Friends Kamusinga kule Bungoma, St Anthony's ya Kitale, wasichana wa Sinyolo na wa Nyamira. Butali Sugar Warriors wametoka Kakamega na kuwavua taji la ligi vigogo wa Nairobi. Wachezaji wapo, tena wengi. Wanakojifunzia ndiko kwenye kasoro.

Chukua kona ya penalti, ambayo ndiyo inayoamua mechi nyingi za kimataifa. Mchezaji mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, wa pili anautuliza kwa gongo nje ya duara, wa tatu anapiga. Yote hayo yanatakiwa kuisha kabla mlinzi wa kwanza hajafika miguuni pao. Kijana aliyejifunza kwenye uwanja wa shule, wenye vichuguu na nyasi zilizokatwa nusu, amezoea mpira unaoruka. Kwa hiyo anausubiri kidogo, anainua gongo kidogo, aone utadundia wapi. Kwenye nyasi bandia zilizomwagiwa maji mpira haudundi, unateleza kama ulivyotumwa, nao unapita chini ya gongo lake, au anautuliza akiwa amechelewa nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo inatosha kuipoteza kona. Hakuna kocha, awe wa Nairobi au wa Amsterdam, atakayefuta mazoea ya miaka sita kwa kambi ya wiki mbili.

Kuna pia suala la benchi. Mechi ya leo ni robo nne za dakika 15, na wachezaji wanaingia na kutoka karibu wakati wowote, bila kikomo. Timu yenye wachezaji 11 wazuri na wengine wa kujazia majina itahimili hadi robo ya tatu, halafu miguu itagoma. Ndiyo maana uteuzi wa kuwazawadia waliotumikia klabu au idara fulani kwa muda mrefu unatuumiza kuliko mbinu yoyote mbovu ya kocha. Wakongwe wawili au watatu wabaki, hasa langoni na katikati ya ulinzi, ambako umri ni mali. Nafasi zinazobaki wapewe wenye mapafu.

Anayedhani kocha akikaa muda mrefu anazeeka na timu yake, aangalie wanawake wa Telkom, ambao sasa wanaitwa Blazers. Ndiyo timu ya magongo iliyolipa taifa hili heshima nyingi zaidi katika miaka ya karibuni, mabingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi, na iliyafanya hayo chini ya Jos Openda, kocha aliyekaa nayo zaidi ya muongo mmoja. Kila msimu alikuwa anajua nani anaondoka na nani anatoka shuleni kuziba pengo. Kocha wa timu ya taifa hana anasa hiyo. Anaitwa, anakabidhiwa orodha, anaambiwa ndege ni Alhamisi.

Wapo wanaotaka kocha wa kigeni. Hatuna tatizo na Mholanzi wala Mjerumani, ila tungependa aanzie Bungoma na Kisumu, awafundishe walimu wa michezo namna ya kumfundisha mtoto kutuliza mpira. Mshahara wake ungeleta faida zaidi kule kuliko kwenye uwanja wa City Park, Nairobi, wiki mbili kabla ya mashindano.

Na tusijidanganye kuhusu kiwango. Afrika Kusini ilishinda tiketi ya Afrika ya Rio 2016, wanaume na wanawake, kisha kamati yake ya Olimpiki ikakataa kuwapeleka kwa kuwa kufuzu kupitia Afrika hakukuhesabiwa kuwa kipimo cha kutosha. Nafasi ya wanaume ikaenda New Zealand. Kwa maneno mengine, wenzetu waliona kulishinda bara zima, sisi tukiwemo, si jambo la kujivunia. Hilo lingetakiwa kutunyima usingizi kuliko jina la anayesimama kando ya uwanja.

Ni kweli kocha naye ana deni. Akipewa wachezaji, muda na mechi za kirafiki dhidi ya Misri na Afrika Kusini, halafu bado timu inacheza bila mpango, tutakuwa wa kwanza kudai aende. Lakini huwezi kumdai mtu kitu ambacho hujampa.

Kijana mwenye miaka 17 leo atakuwa kwenye ubora wake Olimpiki ya Brisbane itakapofika mwaka 2032. Tunakitaka chama cha magongo kitangaze hadharani majina 30 ya kikosi cha muda mrefu, nusu yao wakiwa chini ya miaka 21, kimpe kocha mkataba wa miaka minne na kauli ya mwisho katika uteuzi, na kichapishe ratiba ya kambi na mechi za mwaka mzima. Hayo hayangoji fedha za serikali. Chama kikishindwa hata kutangaza majina, basi wa kuondoka si kocha.