Upanga Hauongezi Kimo

Mimi ni mfupi. Sentimita 163, na hapo nimejinyoosha. Naanza na hilo kwa sababu ubishi wangu wote unatoka hapo.

Miaka miwili iliyopita nilianza kujifunza mapigano ya upanga ya Ulaya ya zamani. Si ule mchezo wa vitara wa Olimpiki, wenye waya mgongoni na taa zinazowaka mtu akiguswa. Nasema ule ulioandikwa na waalimu wa Italia, Ujerumani na Uingereza kuanzia miaka ya 1400 hadi 1600 na kitu, ambao watu wa leo wanaufufua kwa kusoma vitabu vile na kujaribu kila mchoro kwa mwili. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, na kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi ni muda na bando la usiku. Vitabu vyenyewe maktaba zimevipiga picha na kuviweka bure. Hakuna aliyeniuliza cheti kabla ya kufungua ukurasa.

Tuko wanne. Tunafanyia mazoezi nyuma ya ploti huko Umoja, Jumapili asubuhi, kabla kamba hazijajaa nguo. Mama mwenye ploti aliuliza mara moja tu kama hizo panga zetu zinaweza kukata nyasi, akaambiwa hazina makali, akapoteza hamu.

Sasa, kuna ushauri mmoja ambao kila mtu mfupi anayegusa upanga hupewa, na ndio nimekuja kuupinga hapa: "Wewe ni mfupi, chukua upanga mrefu ufidie." Nimeuskia kwa wanaofundisha kwenye video, nimeuskia kwa marafiki, na nimeuskia kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Nairobi na kuuza vitu vyake. Aliniuzia upanga wake wa mazoezi, ule mwembamba wa kuchomea unaoitwa rapia, kwa shilingi 22,000. Hizo zilikuwa pesa za makala nne, moja ikiwa imelipwa baada ya miezi saba. Bapa lake, yaani chuma chenyewe bila mpini, lilikuwa sentimita 114. Upanga mzima karibu 130. "Kwa mtu wa kimo chako," akaniambia, "huu utakusaidia sana."

Haukunisaidia. Bega la kulia lilinikataa wiki mbili. Na jamaa yetu mrefu, mwenye sentimita 188, aligundua kitu cha kuchekesha siku ya kwanza tu. Akishaipita ncha yangu, mimi nimekwisha. Anasukuma bapa langu pembeni, anaingia hatua moja, anashika mpini wangu kwa mkono wa kushoto, na mimi nabaki nimeshikilia chuma kirefu ambacho ncha yake iko nyuma ya mgongo wake. Nikitaka kuirudisha ncha mbele yake, lazima nirudi nyuma kwa miguu, na yeye hanipi nafasi hiyo. Alinishika hivyo mara tisa asubuhi moja. Nilihesabu.

Nikarudi vitabuni, na huko nikakuta kwamba ugomvi huu una zaidi ya miaka 400.

Mwaka 1562 Malkia Elizabeth I wa Uingereza alitoa tangazo kwamba bapa la upanga lisizidi yadi moja na nusu ya robo yadi, yaani inchi 40 na nusu, karibu sentimita 103. Vijana wa London walikuwa wameshikwa na fasheni ya rapia ndefu, na inasimuliwa kwamba wazee waliwekwa kwenye malango kuvunja ncha za panga zilizopita kiasi na kukata kola kubwa za mashati. Upanga na kola, kosa moja: vyote vilihesabiwa kuwa mikogo. Rapia yangu ingepunguzwa sentimita 11 pale langoni.

Miaka 37 baadaye, mwaka 1599, Mwingereza George Silver akachapisha kitabu kizima cha hasira dhidi ya waalimu wa Italia waliokuwa wakifundisha rapia London. Silver alikuwa mbaguzi, wacha tusipake mafuta. Alidharau wageni ukurasa kwa ukurasa, na ukimsoma ukiwa umewahi kupangwa foleni ya viza unamjua mara moja. Lakini kwenye suala la urefu alisema jambo ambalo sijaona mtu akilijibu vizuri.

Kipimo chake ni hiki. Shika upanga mkono wa kulia na jambia mkono wa kushoto. Nyoosha mkono wa jambia mbele kabisa. Halafu vuta upanga nyuma kadiri unavyoweza bila kujilazimisha, kiwiko cha mkono wa upanga kisifunguke. Kiasi cha bapa unachoweza kukivuta mpaka ncha iwe ndani ya jambia, hicho ndicho urefu wako. Si urefu wa baba yako wala wa mtu aliye kwenye video.

Sababu yake ni ya mwendo. Panga mbili zikikutana na kupishana, lazima uweze kuuchomoa wako kwenye makutano hayo kwa mkono peke yake. Ukiwa mrefu kupita kiasi, mkono hautoshi, itabidi urudi nyuma kwa mguu. Ukiwa mfupi kupita kiasi, huwezi hata kumkinga vizuri bila kuingia mbele kwa mguu. Na mguu siku zote huchelewa kuliko mkono. Basi. Hapo ndipo zile mara tisa zangu zilipotokea: mkono wangu ulikuwa unasubiri miguu.

Angalia sasa hesabu hiyo inamfanya nini mtu mfupi. Mikono yangu ni mifupi, kwa hiyo kiasi ninachoweza kuvuta ni kidogo, kwa hiyo upanga nilio nao uwezo wa kuuokoa ni mfupi. Yule mrefu ana nafasi kubwa ya kuvuta. Ukinipa mimi upanga mrefu kuliko wake "nifidie", umenipa chombo ambacho yeye angeweza kukitawala na mimi siwezi. Umemfanyia kazi yake. Na uzito pia umesahaulika. Rapia nyingi huwa kilo moja na kitu, na watu wanasema ni kidogo hicho. Lakini sentimita za ziada hazikai karibu na ngumi, zinaongezwa kule mbele kwenye ncha, mahali ambapo mkono unasikia kila gramu.

Najua jibu litakalokuja. "Silver alikuwa mtu wa kukata na kukinga, alichukia rapia. Waitaliano wenyewe walipenda panga ndefu." Sawa, twende kwa Waitaliano.

Ridolfo Capo Ferro, aliyechapisha kitabu chake Siena mwaka 1610, anasema upanga uwe mara mbili ya mkono wako, ulingane na hatua yako ndefu ya kushambulia, na ulingane pia na umbali kutoka unyayo hadi kwapa. Filippo Vadi, miaka ya 1480 na kitu, akizungumzia upanga wa mikono miwili, naye anasema usimame chini ufike kwapani. Gérard Thibault wa Antwerp, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka 1630, anataka ukisimamisha ncha chini, ule msalaba wa chuma unaokinga mkono ufike kitovuni.

Nikachukua tepu ya fundi cherehani. Kwapa langu liko sentimita 122 kutoka chini. Toa mpini wa rapia, linabaki bapa la kama 106. Kitovu changu kinanipa bapa la 97. Silver, nikitumia fimbo na kijiko cha ugali kama jambia, alinipa 88. Na mimi nilikuwa nimebeba 114. Yaani hata Capo Ferro, mpenda urefu, angenipunguzia sentimita nane. Hakuna mwalimu hata mmoja kati ya hao aliyesema mfupi aongezewe. Wanagombana kuhusu mambo mengi, wengine wangefurahi kuchomana, lakini wote wanaanzia kwenye mwili wa mwenye upanga: kwapa lako, kitovu chako, mkono wako.

Kwa nini basi vipimo vyao vinatofautiana sentimita 18 kwa mwili mmoja? Kwa sababu kazi ni tofauti. Silver anakata, anakinga, anakaribiana, mara nyingi ana kitu mkono wa pili. Capo Ferro anakaa mbali na kuchoma kwa hatua ndefu. Thibault anaenda kwa duara na pembe zilizochorwa sakafuni kama hesabu ya fomu two. Kwa hiyo wale wanaosema "chukua tu unaoupenda" nao pia wanatudanganya. Chagua mwalimu kwanza. Halafu pima mwili wako kwa kipimo chake. Mwisho ndio uulize bei. Sisi tunaanza na bei, kisha tunatafuta mwalimu wa kutuhalalishia.

Kuna jambo moja nakubali. Mkiwa uwanja wazi, nyote mnachoma tu, mwenye kufika mbali ana faida. Hilo ni kweli na halina haja ya kubishiwa. Lakini kufika kunajengwa na vitu vitatu: bapa, mkono na hatua. Capo Ferro mwenyewe analinganisha upanga na hatua. Mimi nilikuwa nanunua bapa ilhali hatua yangu ilikuwa ya mtu anayeruka mtaro wa Umoja. Nilipoifanyia kazi hatua kwa miezi mitatu, goti juu ya kisigino, mkono utangulie kabla ya mguu, niliongeza karibu urefu wa unyayo mzima. Hiyo haikunigharimu shilingi, na bega halikulalamika.

Olimpiki wamelimaliza jambo hili kwa kanuni: bapa la epe lisizidi sentimita 90, liwe la mrefu au la mfupi. Alexandra Ndolo alishika hiyo epe akivaa rangi za Kenya kule Paris mwaka 2024. Kanuni ile inafaa mchezo ule, maana wanatafuta usawa wa vifaa. Sisi tunaofuata vitabu vya kale tumepewa uhuru mkubwa zaidi, na tunautumia kununua panga za watu wengine.

Kinachoniudhi hasa kwenye neno "fidia" si sentimita. Ni ile dhana kwamba mwili wangu ni deni, na kwamba kuna kitu dukani cha kulilipa. Nimeishi na neno hilo sana. Nilipoacha chuo kila mtu alikuwa na kozi fupi ya kunifidia, cheti cha miezi mitatu, kambi ya wiki mbili, zote za kulipia. Nyingine huenda zilikuwa nzuri. Lakini hakuna aliyeuliza kwanza ninataka kufanya kazi gani na nina nini tayari mkononi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mfupi mwenzangu, na hata kwa mrefu, ni wa bei ya chini. Kabla hujamlipa mtu, tafuta mpini wa fagio. Ukate urefu unaofikiria kununua. Mwambie mwenzako akutane nawe, fimbo kwa fimbo, kisha aingie. Jaribu kuchomoa kwa mkono bila kusogeza mguu. Ukishindwa, kata sentimita tatu, mrudie. Mahali utakapoacha kushindwa, weka alama. Nunua hapo.

Rapia niliiuza kwa yule jamaa wa sentimita 188. Kwapa lake liko kama 140, kwa hiyo upanga wa 130 uko ndani ya kipimo chake na anauendesha vizuri, tena vizuri mno. Alinipa 18,000, nikapoteza elfu nne, nahesabu ni karo. Fundi wa mbao amenichongea mwingine, bapa sentimita 103. Elizabeth angeniruhusu kuingia mjini. Jumapili iliyopita jamaa aliipita ncha yangu mara sita, akafanikiwa kunishika mara mbili.

Fagio la mama mwenye ploti ndilo bado sijarudisha.