Mtungi hupoza maji, kikombe huyachafua

Jumamosi ni siku ya vyungu Lyulilo, gulio lililo ufukweni mwa Ziwa Nyasa jirani na Matema, wilayani Kyela. Vingi huja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambako ufinyanzi ni kazi ya wanawake na binti hujifunza kwa mama yake.

Mnunuzi mzoefu haangalii rangi kwanza. Anakigonga chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti butu kina ufa, hata kama jicho halijauona.

Ufa huo huenda ulianzia kwenye udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, huondolewa mawe na mizizi, hulowekwa, kisha hukandwa kama unga wa maandazi mpaka usibaki na vidonge. Mfinyanzi huuweka juu ya kigae kilichopinda, akakizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta kuta ziende juu. Hakuna mashine; unene hupimwa kwa vidole. Chungu kikikaza kidogo hukwanguliwa, husuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa udongo mwekundu na mweupe unaovitambulisha vyungu vya Kisi.

Halafu kinaachwa kivulini, na hapo ndipo penye subira. Jua kali hukausha nje wakati ndani bado ni kubichi. Unyevu uliobaki kwenye kuta ukikutana na moto hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia, na kazi ya siku nyingi huishia kwa mlio mmoja. Wasiotumia tanuri huvipanga vyungu mahali pa wazi na kuvifunika kwa kuni na nyasi. Moto ukipita nyuzi joto 600 hivi, udongo haurudi tena kuwa tope. Moshi wake si mchezo. Mama na watoto wakae upande upepo unakotoka.

Moto huo hauzibi vitundu vyote vya udongo, na hivyo ndivyo vinavyopoza maji. Maji kidogo hupenya hadi nje ya mtungi, na yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi huwekwa penye kivuli na upepo, si kwenye kona ya jiko. Uliopakwa rangi ya mafuta hupendeza sebuleni, ila kazi ya kupoza umeshaacha.

Lakini ubaridi si usafi. Maji yachemshwe, yapoe, ndipo yamiminwe mtungini. Kwa wanaotumia klorini, nguvu yake huisha haraka zaidi kwenye udongo kuliko kwenye plastiki. Ni bora maji hayo yakae kwenye ndoo yenye mfuniko, mtungini yamiminwe ya siku moja tu. Utelezi wa ndani usuguliwe kwa brashi, na mtungi ukauke kabla ya kujazwa tena.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi tatizo kubwa ni kikombe. Mtoto ametoka chooni, hajanawa, ana kiu. Anazamisha kikombe na vidole vyake vyote. Maji yaliyochemshwa kwa mkaa wa kununua yameharibika kwa sekunde moja, na kesho mama anashangaa kuhara kumetoka wapi. Kata yenye mpini mrefu, inayotundikwa ukutani na isiyonywewa moja kwa moja, husaidia sana.

Nyanza, magharibi mwa Kenya, mapema miaka ya 2000, wafinyanzi wanawake walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono, mfuniko, na bomba karibu na kitako. Familia inayotaka mtungi wa namna hiyo imwagize mfinyanzi mapema, kwa sababu tundu la bomba hutobolewa udongo ukiwa bado haujachomwa.