Mpira wa Kardani si Deni la Dereva



Leo tunataka kusema juu ya kipande cha mpira. Wengine watacheka, maana ukurasa huu hutazamiwa kusema juu ya mishahara na likizo. Lakini mishahara ndiyo tunayoisemea, kwa kuwa katika mashamba ya michikichi ya ukanda wetu wa ziwa, kutoka Muhuta hadi Rumonge na kuteremka mpaka Nyanza-Lac, kipande hicho kimekwisha kula mishahara ya madereva wengi, na jasho la wakata ngazi pamoja nayo.

Ukiinama mbele ya Probox, au gari lolote ambalo injini yake inavuta magurudumu ya mbele, utaona fimbo mbili za chuma zinazotoka katikati kwenda kwenye magurudumu. Hizo ndizo kardani. Kila moja ina viungo viwili, na kila kiungo kimevikwa mpira mweusi wenye mikunjo kama mvukuto wa mhunzi. Ndiyo maana mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa wanauita sufle. Gari moja lina mipira minne. Zile pikipiki za magurudumu manne zinazopita katikati ya mistari ya michikichi huwa nayo hata minane, kama kila gurudumu linavutwa na fimbo yake. Land Cruiser za zamani zenye mhimili mmoja mzima wa mbele hazina mpira huu, kwa kuwa kiungo chao kimefichwa ndani ya bakuli la chuma. Wazee waliozoea magari hayo mara nyingi hudhani mpira wa kardani ni pambo.

Si pambo hata kidogo. Ndani ya kiungo cha upande wa gurudumu kuna gololi sita za chuma kigumu, nazo zinatembea katika mifereji iliyochongwa kwa kipimo cha nywele. Kazi yake ni kupitisha nguvu ya injini huku gurudumu likikata kona na kupanda na kushuka kwenye mashimo, bila gari kupigapiga. Mhandisi Alfred Rzeppa ndiye aliyeibuni huko Marekani katika miaka ya 1920, na tangu gari dogo la Mini lilipotoka Uingereza mwaka 1959, kiungo cha namna hii kimeenea katika magari madogo ya dunia nzima. Lakini bila grisi hakiishi. Mpira una kazi mbili tu: kuzuia grisi isitoke, na kuzuia mchanga na maji visiingie.

Sasa tazameni kinachotokea mpira ukichanika. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, kardani inazunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika. Mzunguko huo unairusha grisi nje kupitia ule mwanya, na ushahidi wake ni matone meusi upande wa ndani wa rimu. Kisha mchanga unaingia na kufanya kazi ya msasa. Baada ya muda dereva anasikia ka-ka-ka akikata kona kali. Ukisikia mlio huo, chuma kimekwisha kuliwa. Kubadilisha mpira hakutakiponya tena, bali itatakiwa kardani mpya, ambayo bei yake ni mara nyingi ya ile ya mpira.

Huku kwetu mpira hauchaniki kwa uzee peke yake. Mashina ya makuti ya mchikichi yana miiba migumu, na makuti yaliyokatwa yakiachwa njiani, gari linapita juu yake. Barabara za mashamba zina mawe, na mvua ikinyesha milimani udongo unateremka. Tunakumbuka jinsi mlima ulivyoporomoka Gitaza mwaka 2015 na kufunga njia kuu. Tunakumbuka pia ziwa lilivyopanda mwaka 2021 na tena 2024 hadi maji yakaingia majumbani Rumonge, na magari yakapita ndani ya maji na tope. Barabara ya Rumonge hadi Gitaza, kilometa 45, ilipewa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018 ili ijengwe upya, na hilo tulilipokea kwa furaha. Lakini lami haifiki chini ya mchikichi. Ngazi za mawese hazianzi safari yake kwenye lami.

Kuna na desturi moja ya kwetu wenyewe ambayo haifai: kuosha sehemu ya chini ya gari kwa mazuti ili ing'ae. Mazuti yanalainisha mpira na kuuvimbisha, na baada ya muda unapasuka penye mikunjo. Maji na sabuni vinatosha, na sabuni si kitu cha kutafuta mbali kwa watu wanaokamua mawese.

Kuulinda mpira si kazi ngumu. Kila asubuhi, kabla ya kupakia, dereva azungushe usukani mpaka mwisho upande mmoja, atazame mikunjo, kisha afanye hivyo upande wa pili. Ni dakika mbili. Akiona ufa mdogo ambao haujafika ndani, huo ndio wakati wa kuagiza mpira, si wa kungoja. Bati au plastiki ngumu ikifungwa mbele ya mkono wa chini wa gurudumu inazuia miiba mingi. Na makuti yasilazwe njiani. Hili ni la wakataji, si la dereva.

Mpira ukichanika na grisi ikiwa bado safi, fundi anatoa nati kubwa ya gurudumu, anaachanisha mkono wa chini, anavuta fimbo, anagonga kiungo kitoke. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanapachika mpira mpya juu ya grisi ya zamani yenye mchanga. Huko ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Kiungo kioshwe hadi gololi zing'ae, kikaushwe, mifereji itazamwe, kisha grisi nyeusi inayokuja pamoja na mpira itiwe yote, wala si nusu ili nyingine iuzwe. Mikanda ya chuma ya kufungia iwe mipya. Kufunga kwa waya au kwa mpira wa tairi ni kwa kufika nyumbani tu. Na ile mipira iliyopasuliwa ambayo hugundishwa kwa gundi bila kufungua fimbo, sisi hatuiamini kwa gari la mizigo.

Sasa tufike penye ugomvi. Dereva anamwambia msimamizi kwamba mpira umechanika. Anajibiwa: gari si linatembea? Basi tembea. Wiki kadhaa baadaye kardani inakatika njiani na gari limejaa ngazi. Mwisho wa mwezi dereva anakuta bei ya kardani imekatwa katika mshahara wake, kwa sababu ati “yeye ndiye aliyekuwa na usukani”. Na wenye hasara ni wengi kuliko yeye. Ngazi zilizokatwa zikilala njiani siku mbili, asidi inapanda ndani ya mafuta na bei inashuka; anayelipwa kwa mzigo anapata pungufu, na kwenye kinu watu wanakaa bure.

Lipo na baya kuliko hilo. Kardani moja ikikatika, injini haivuti tena hata gurudumu la upande wa pili, na gea haizuii gari kwenye mteremko. Dereva aliyezoea kuegesha kwa gea anashuka akidhani gari limesimama, kumbe limebaki na breki ya mkono peke yake, kama ipo. Kwenye miteremko ya kutoka milimani kuja ziwani, huku wakata ngazi wameketi juu ya mzigo, hili si jambo la kubishania faranga.

Sheria za kazi za dunia haziko upande wa msimamizi huyo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 19 kinasema mfanyakazi aliyetoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi kwenye hatari hiyo mpaka irekebishwe. Mwezi wa Juni 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, iwe imeridhia au haijaridhia. Na mkataba namba 95 wa mwaka 1949 hauruhusu kukata mshahara ila kwa masharti ya sheria, ya mapatano ya pamoja au ya uamuzi wa waamuzi.

Tunajua si kila mwenye gari ni tajiri. Vinu vingi vya Rumonge ni vidogo, fedha za kigeni zimekuwa haba miaka hii, na vipuri vinapanda bei kila vinapovuka mpaka. Lakini mwenye kinu asiyeweza kununua mpira leo atawezaje kununua kardani mwezi ujao? Anaweza kwa njia moja tu, nayo ni kuinunua kwa mshahara wa dereva.

Kwa hiyo tunadai kila gari la shamba liwe na daftari lake. Dereva aandike tarehe na alichokiona, msimamizi atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, dereva aandike kwamba amekataa, mbele ya mwenzake mmoja. Na madereva wanaoficha ufa kwa kuogopa kukosa safari ya siku hiyo, tunawaambia wazi kwamba chama hakitaweza kuwatetea kwa ukurasa mtupu.

Mwakilishi wa wafanyakazi katika kila kinu alete suala hili kwenye kikao kijacho na mwajiri, kabla mvua kubwa hazijaanza. Mipira miwili ya akiba na kopo la grisi viwekwe stoo, na ufunguo ujulikane uko kwa nani.