Ukulima wa Bustani: Mbegu ya Kale Isitupwe

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa Bordeaux, palikuwa na mzabibu wa divai nyekundu ulioitwa Carménère. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliingia mashambani akala mizizi ya mizabibu, nayo ikafa shamba baada ya shamba. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake humstahimili mdudu yule. Mashamba yakapandwa upya. Lakini Carménère una tabia ngumu: baridi na mvua zikiukuta katika maua, maua hupukutika. Wakulima wakachagua aina zenye mavuno ya hakika, na mzabibu ule wa kale ukahesabiwa kuwa umepotea.

Kumbe haukupotea. Kabla ya mdudu kufika, vipandikizi vyake vilikwisha kupelekwa Chile, ng'ambo ya bahari. Huko ulikaa miaka mingi ukichanganywa na mzabibu mwingine, Merlot, na kuitwa kwa jina hilo. Mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, aliutazama shambani akautambua. Mikono ya wakulima ilikuwa imeuhifadhi mmea. Kilichopotea kilikuwa jina.

Huenda msomaji wa Kibera au Kawangware akauliza: mizabibu ya Wafaransa yamhusu nini mtu asiye na hata hatua kumi za ardhi? Jawabu limo katika kapu la mama mboga. Managu, saga, terere, kunde na mrenda zilidharauliwa mjini kwa miaka mingi, zikaitwa chakula cha maskini, huku sukuma wiki na kabichi zikitawala soko. Wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, walizichunguza wakaonyesha wingi wa vitamini na madini yake. Leo zatafutwa na matajiri na maskini.

Wala ukosefu wa shamba si kizuizi. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités International lilianza kuwasaidia watu wa Kibera kulima ndani ya magunia. Katikati ya gunia husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yapenye. Pembeni hujazwa udongo na samadi. Na ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia miche. Yafaa kunyunyizia maji safi, wala si maji ya mfereji wa taka.

Lakini anayekula mboga yote na kununua mbegu kila msimu hajahifadhi kitu. Sheria ya mbegu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilitisha kwa faini na kifungo mkulima mwenye kuuza au kubadilishana mbegu zisizoandikishwa. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Hukumu hiyo ilikuwa heri kubwa kwa wakulima wadogo. Lakini hakimu hawezi kumwekea mtu mbegu aliyokwisha kuitupa.

Basi katika kila gunia na ichaguliwe miche miwili au mitatu iliyo bora, na majani yake yasichumwe. Matunda ya managu yakiiva, yapondwe majini. Mbegu nzuri zitazama chini, zioshwe na kukaushwa kivulini. Maganda ya saga yakianza kugeuka manjano, yakatwe kabla hayajapasuka. Mbegu kavu zitiwe katika chupa yenye kifuniko, pamoja na karatasi iliyoandikwa jina liitwavyo nyumbani, mahali zilikotoka, na mwaka. Mzabibu wa Bordeaux ulikaa ugenini bila jina kwa sababu hakuna aliyeshika kumbukumbu hiyo.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.